KAZI YA IBN UMMI MAKTUM
Somo la Ijumaa: nafasi ya ndugu wenye ulemavu katika kazi za jumuiya yetu

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Ndugu Waislamu, wanaume kwa wanawake. Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba wake wote.

Baada ya hayo: somo letu la leo linahusu watu tunaowaona kila Ijumaa lakini hatuwaulizi habari zao. Tunapotoka msikitini, pale mlangoni wamekaa ndugu zetu. Mmoja miguu yake iliharibiwa na polio tangu utoto. Mwingine ni kipofu. Mwingine alikatwa mguu kwa sababu ya risasi ya vita. Kila mmoja wetu anatoa franga mia mbili au mia tano, anaomba dua, anakwenda zake. Sadaka hiyo ina thawabu, hakuna anayeikataa. Lakini siku ya Jumamosi, mwenye duka akitafuta mtu wa kumkalia dukani, fundi akitafuta mwanafunzi wa kushona, kamati ya msikiti ikitafuta mtu wa kulinda viatu, hakuna anayewakumbuka wale wa mlangoni. Tumewajua kwa mkono ulionyooshwa tu.

Basi tuulize: je, dini yetu inatutaka tumpe mwenye ulemavu sadaka peke yake, au inatutaka tumpe pia nafasi katika kazi?

1. SAHABA KIPOFU NA KAZI TATU ALIZOPEWA

Wengi wetu tunamjua Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.) kwa sababu ya Sura ya 80, Abasa. Alikuwa kipofu. Alimjia Mtume (s.a.w.) kutaka kufundishwa dini, wakati Mtume alikuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi akitumaini watasilimu. Mtume akakunja uso, na Allah (s.w.) akateremsha aya za kumkumbusha kwamba huyu aliyekuja mbio kwa kumcha Mola wake ndiye aliyestahili kusikilizwa.

Kisa hicho watoto wetu wa madrasa wanakijua. Lakini mara nyingi tunaishia hapo, kama kwamba Ibn Ummi Maktum alikuja mara moja, akahurumiwa, akaondoka. Sivyo. Tazameni alipewa kazi gani baada ya hapo.

Kazi ya kwanza: ualimu. Katika mapokezi ya Bukhari, Masahaba wa kwanza kufika Madina kabla ya Mtume mwenyewe walikuwa Musab bin Umayr na Ibn Ummi Maktum, nao walikuwa wakiwasomesha watu Qur'ani. Kipofu alitangulizwa katika mji mpya kwenda kufundisha.

Kazi ya pili: uadhini. Madina ilikuwa na waadhini wawili, Bilal (r.a.) na Ibn Ummi Maktum. Katika Ramadhani Bilal aliadhini usiku bado haujaisha, na Mtume (s.a.w.) akawaambia watu waendelee kula na kunywa mpaka waisikie adhana ya Ibn Ummi Maktum. Maana yake, saumu ya mji mzima ilifungwa kwa sauti ya kipofu.

Kazi ya tatu: uongozi. Abu Dawud amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alimwacha Ibn Ummi Maktum kuwa naibu wake Madina mara mbili, naye alikuwa akiwasalisha watu hali ya kuwa ni kipofu.

2. NANI ALIMWONYESHA ALFAJIRI?

Hapa, ndugu zangu, ndipo penye somo lenyewe. Adhana ya alfajiri inahitaji macho. Zamani hizo hapakuwa na saa wala kalenda ya ukutani. Mtu alitazama weupe wa mbinguni. Sasa kipofu aliujuaje weupe huo?

Mapokezi yanatuambia wazi: hakuwa akiadhini mpaka aambiwe kwamba kumekucha. Basi tuangalie jambo hili kwa makini. Hawakusema, "Kazi hii ina haja ya macho, wewe huna macho, kaa tukulishe." Wala hawakumpa jina la muadhini huku mwingine akiadhini mahali pake. Waliigawa kazi. Sehemu moja tu, kuona weupe, ilimshinda, na hiyo wenzake wakamsaidia. Sehemu nyingine zote, sauti, uaminifu, kuamka mapema, kujua hukumu za sala, alikuwa nazo, na kazi ikabaki yake.

Kwa hiyo, anapokuja mwenye ulemavu kutaka kazi, swali la kumwuliza si "Una kasoro gani?" Swali ni hili: "Katika kazi hii, ni sehemu ipi itakushinda, na nani atakusaidia sehemu hiyo?" Mara nyingi sehemu hiyo ni ndogo sana. Ni mtu mmoja wa kusema "kumekucha".

3. UDHURU NI RUHUSA, SI MARUFUKU

Wako wanaosema: "Mlemavu Allah amemsamehe. Kumtafutia kazi ni kumtesa." Maneno haya yanatoka katika huruma, lakini yanachanganya mambo mawili.

Ni kweli Allah (s.w.) amewapa udhuru. Aya ya 95 ya Sura An-Nisaa ilipoteremka juu ya ubora wa wanaopigana jihadi kuliko wanaokaa, Ibn Ummi Maktum alieleza hali yake ya upofu, na aya ikateremka tena ikiwatoa wenye dhara. Lakini udhuru ni ruhusa ya kuacha, si amri ya kukatazwa.

Dalili yake ni Amr bin al-Jamuh (r.a.), mzee wa Kiansari aliyekuwa kiguru. Siku ya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra (625), wanawe walitaka kumzuia asitoke kwa sababu ya mguu wake. Akaenda kushitaki kwa Mtume (s.a.w.). Mtume akamwambia kwamba Allah amempa udhuru, kisha akawageukia wanawe akawaambia wasimzuie. Akatoka, akafa shahidi.

Wazazi, hapa tusikilize vizuri. Wako kati yetu wenye mtoto kiziwi, au mtoto mwenye ulemavu wa akili, au binti asiyetembea, ambaye amefungiwa nyumbani. Hapelekwi shule, hapelekwi madrasa, hatumwi hata sokoni. Tunasema tunamhurumia. Lakini baba na mama watakufa siku moja, na mtoto huyo atabaki na miaka arobaini, hana kazi anayoijua, hana mtu anayemjua. Kesho atakaa pale mlangoni. Huruma iliyomfungia ndani ndiyo iliyompeleka kuomba.

4. MANENO MENGINE TUNAYOYASEMA

"Kilema dukani analeta mkosi." Haya ni maneno ya kijahilia. Mtume (s.a.w.) amekataza kuamini mikosi. Riziki iko mikononi mwa Allah, haikimbii kwa sababu ya magongo au ngozi ya albino. Na katika Sura Al-Hujurat, aya ya 11, Allah (s.w.) amekataza kudharauliana na kuitana majina ya kejeli. Kumwita mtu kwa ulemavu wake na kuacha jina lake aliloitwa siku ya akika ni katika hayo.

"Kazi hazitoshi hata kwa wazima." Hili lina ukweli. Tunawaona vijana wenye diploma wanabeba mizigo sokoni. Lakini jibu si kuwapanga watu foleni, wazima mbele na walemavu nyuma mpaka Kiyama. Hatusemi mtu mzima afukuzwe ili mlemavu aingie. Tunasema nafasi ambazo tayari zipo mikononi mwetu, yaani msikitini, madrasa, madukani mwetu na karakana zetu, zisifungwe mbele ya mtu kabla hajajaribiwa.

"Yeye mwenyewe amezoea kuomba." Labda. Lakini nani alimpa njia nyingine? Bukhari amepokea kwamba mtu kuchukua kamba yake, akaleta kuni na kuziuza, ni bora kwake kuliko kuomba watu, wampe au wamnyime. Na amepokea tena kwamba hakuna chakula bora kuliko kile mtu anachokula kwa kazi ya mkono wake, na kwamba Nabii Dawud (a.s.) alikula kwa kazi ya mkono wake. Heshima hiyo ya kula jasho lako, kwa nini tuipende kwa ajili yetu tu?

5. WATANGULIZI WETU WALIFANYAJE?

Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala mwaka 86 mpaka 96 wa Hijra (705–715), amesimuliwa katika tarikhi ya at-Tabari kwamba aliwapa watu wenye ukoma fungu lao na kuwakataza kuomba, akampa kila asiyeweza kutembea mtumishi, na kila kipofu mtu wa kumwongoza. Tazameni: zaidi ya fedha, alitoa msaidizi.

Na Ata bin Abi Rabah, mwanafunzi wa Ibn Abbas, alikuwa mtu mweusi, kiguru, mwenye jicho moja, na mwishoni akapofuka. Huyo ndiye aliyekuwa mufti wa Makka. Zama za Bani Umayya ilitangazwa katika msimu wa Hija kwamba watu wamwendee yeye kwa fatwa. Mahujaji hawakwenda kwake kumpa sadaka. Walikwenda kutaka elimu yake.

6. HALI YA NCHI YETU

Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitangaza mwaka 2022 kwamba watu karibu bilioni 1.3 wana ulemavu mkubwa, yaani mtu mmoja katika kila sita. Kwetu Kongo, ambako vita na magonjwa vimekaa miaka mingi, hakuna avenyu isiyokuwa nao.

Sheria za Leta nazo zimesema. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 36, inasema kazi ni haki na wajibu wa kila Mkongomani. Haikusema Mkongomani mwenye miguu miwili. Kifungu cha 49 kinawapa wenye ulemavu haki ya ulinzi maalumu na kuitaka Leta iwaingize katika idara zake. Mwaka 2015 nchi yetu ilijiunga na Mkataba wa ONU wa haki za watu wenye ulemavu, ambao kifungu chake cha 27 kinahusu kazi: mtu afanye kazi pamoja na wenzake, si kutengwa peke yake. Na tarehe 3 Mei 2022 ilitiwa sahihi sheria maalumu ya kuwalinda. Sheria ni nzuri, lakini haifiki yenyewe katika karakana ya fundi. Inafikishwa na watu.

Na ndugu hawa wameshatuonyesha kwamba wanaweza. Kwa miaka mingi, kati ya Kinshasa na Brazzaville, wenye ulemavu walipunguziwa malipo ya kivuko na ushuru. Wakageuza baiskeli zao za magurudumu matatu kuwa magari ya biashara, wakavusha bidhaa mtoni, wakaajiri vijana wazima wa kuwasukuma. Kwetu mashariki, kati ya Goma na Gisenyi ya Rwanda, tuliona vilevile: baiskeli iliyojaa magunia, mwenye ulemavu ameshika usukani, wasukumaji nyuma. Hapa aliyekuwa akiomba amekuwa mwajiri. Alichopewa si kikubwa, ni mlango mmoja uliofunguliwa.

Lakini mlango mmoja hautoshi. Mwaka 2020, mipaka ilipofungwa kwa sababu ya Covid-19, wengi wao walikosa riziki. Ndiyo maana tunasema wapate pia ufundi wa mikono na nafasi ndani ya mitaa yetu. Vituo kama Heri Kwetu cha Bukavu na Shirika la Umoja cha Goma vimesaidia watu wengi kupata miguu ya bandia na mazoezi ya viungo. Mguu wa bandia humfikisha mtu mpaka mlango wa karakana. Kumfungulia ni juu yetu.

7. TUFANYE NINI?

(a) Tuwajue. Kila msikiti uandike wenye ulemavu wa kartie yake: jina, umri, ufundi anaoujua, na kazi anayoipenda. Aulizwe yeye mwenyewe, si jirani yake. Wanawake waandikwe na akina mama, kwa sababu hao ndio waliofichwa zaidi.

(b) Tulinganishe kazi na mtu. Asiyetembea anaweza kushona kwa mashini ya kuzungushwa kwa mkono, kutengeneza simu, kuuza mayunite, kukaa dukani, kutengeneza viatu. Kiziwi anaweza useremala, kushona, kuoka mikate. Bwana kazi na wenzake wajifunze ishara chache za kila siku. Kipofu anaweza kufundisha Qur'ani, kuadhini, kusuka vikapu, kufanya biashara akiwa na msaidizi mwaminifu wa kuhesabu noti. Albino apewe kazi ya kivulini, si ya juani, maana jua linaunguza ngozi yake na kumletea kansa. Mwenye ulemavu wa akili afundishwe jambo moja kwa wakati mmoja, kwa kuonyeshwa na si kwa maneno mengi, na mtu yuleyule kila siku: kutandika mikeka, kujaza maji ya udhu, kupanga sabuni katika makatoni.

(c) Awekwe mwenzake. Majuma ya kwanza ndiyo magumu. Tumchague fundi mmoja mwenye subira akae karibu naye mpaka azoee, kisha apunguze msaada kidogo kidogo. Huyu ndiye yule wa kusema "kumekucha".

(d) Alipwe sawa. Kazi ile ile, mshahara ule ule. Katika Hadithi Qudsi aliyoipokea Bukhari, mmoja kati ya watatu ambao Allah atakuwa hasimu wao siku ya Kiyama ni yule aliyemwajiri mtu, akapata kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Asiseme mtu, "Huyu nimemsaidia tu, chakula cha mchana kinamtosha." Ukimtumikisha bila mshahara umemdhulumu, hata kama umemtoa barabarani. Na yeye pia afike kwa wakati, afanye kazi vizuri, akikosa aambiwe kama wengine. Hiyo nayo ni heshima.

(e) Zaka inunue vyombo vya kazi. Wanachuoni wa madhehebu ya Shafi, akiwemo Imam an-Nawawi, wameeleza kwamba maskini mwenye ufundi hupewa katika zaka kiasi cha kununulia vyombo vya ufundi wake, na mfanyabiashara hupewa mtaji wa biashara yake. Basi wenye kutoa zaka wasiitawanye yote kwa franga mia mia. Wachache wakiunganisha zaka zao, inapatikana mashini moja ya kushona, au vyombo vya fundi wa simu. Mwaka ujao mtu yule haombi tena, na labda miaka mitatu ijayo anatoa zaka yeye. Tuwaingize pia katika likelemba zetu kama wanachama kamili, si kama wageni.

(f) Tuanze na msikiti wetu. Ngazi za mlango ziwekewe mteremko. Choo na mahali pa udhu pafikike kwa mwenye magongo. Magurudumu na magongo yafutwe mlangoni, kisha mwenyewe aingie katika safu, asiachwe nje. Na kamati ikitafuta muadhini, mwalimu, mlinzi au mfagizi, iwatazame hawa nao. Itakuwa aibu kumwambia mwenye duka afanye jambo ambalo nyumba ya Allah haijalifanya.

8. MWISHO

Ndugu zangu, hakuna anayejua atakuwaje kesho. Gari moja, homa moja, bomu moja, na mzima wa leo anakuwa mlemavu. Mlango tunaoufungua leo huenda tukaupitia wenyewe au watoto wetu. Lakini hata bila hofu hiyo inatosha kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alimpa kipofu alfajiri ya Madina, na watu wakafunga saumu zao kwa sauti yake. Sisi tunaokataa kumpa mwenye ulemavu duka la sabuni, tunafuata sunna ya nani?

Basi leo, ukitoka, toa sadaka yako kama kawaida. Kisha inama, msalimie, umwulize mambo mawili: "Jina lako nani?" na "Kazi gani unaijua?" Jibu lake ulilete kwa kamati baada ya sala ya Alasiri.

Ewe Mola wetu, wape nguvu wagonjwa wetu na wenye ulemavu kati yetu, uwafungulie milango ya riziki ya halali, na utujaalie tuwe sababu ya kheri kwao wala tusiwe kizuizi. Iletee nchi yetu amani. Amin.

MASWALI YA DARASA (kwa halaka ya akina mama na ya vijana)
1. Taja kazi tatu alizopewa Ibn Ummi Maktum (r.a.). Ni sehemu gani ya kazi ya uadhini aliyosaidiwa?
2. Kuna tofauti gani kati ya udhuru na marufuku? Toa dalili.
3. Zaka yaweza kununua vyombo vya kazi? Eleza.
4. Katika avenyu yako, nani mwenye ulemavu ambaye hana kazi? Anaweza nini?

Wabillahi tawfiq.

(Karatasi hii ina majina ya Allah na ya Mtume wake. Tafadhali usiitupe chini wala usifungie vitu sokoni. Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako, na asiyejua kusoma umsomee.)